Afabet, 1988: Ardhi Ilimwadhibu Aliyelazimika Kupita

Waeritrea wengi wa kizazi cha vita, ukiwauliza uhuru wao ulipatikania wapi, watakutajia Nakfa. Mji huo mdogo wa milimani ulipigwa mabomu kwa miaka kumi bila kuanguka, na tangu 1997 jina lake ndilo jina la sarafu ya taifa. Lakini vita havikuamuliwa Nakfa. Viliamuliwa kusini yake, kwenye mabonde yanayoteremka kuelekea mji wa Afabet, kati ya tarehe 17 na 20 Machi 1988, pale kamandi nzima ya jeshi la Ethiopia ilipovunjwa kwa siku chache tu. Nataka kuizungumzia tofauti hiyo ya miji miwili, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo simulizi za ukombozi hupenda kulipita haraka: milima haina upande. Milima ileile iliyomlinda mpigania uhuru ndiyo iliyomfungia miaka kumi asiweze kushinda. Mambo yaligeuka siku adui yake alipolazimishwa kutembea ndani ya milima hiyo.

Historia yenyewe nitaigusa kwa ufupi. Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890 hadi Waingereza walipoitwaa mwaka 1941. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa uliamua iunganishwe na Ethiopia katika shirikisho, ambalo lilianza 1952. Miaka kumi baadaye Mfalme Haile Selassie akalivunja na kuifanya Eritrea mkoa wa himaya yake. Wakati huo Hamid Idris Awate na wenzake wachache walikuwa wamekwishafyatua risasi za kwanza, Septemba 1961. Afrika huru haikusimama nao. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo la Julai 1964, ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea, lilitamka kuwa mipaka tuliyoirithi wakati wa uhuru iheshimiwe, na makao makuu ya OAU yenyewe yalikuwa Addis Ababa. Naliheshimu azimio lile, liliuepusha umoja wetu na mengi. Lakini Waeritrea walikuwa na mpaka wa kikoloni ulio wazi kabisa, na bado azimio likasomwa dhidi yao. Silaha nyingi walizopigana nazo walizinyang'anya mikononi mwa adui. Nalitaja hili kwa sababu jeshi lisilo na mfadhili mkubwa huitegemea ardhi kuliko jeshi lenye mfadhili, na hujifunza kuisoma kwa bei ya damu.

Ardhi yenyewe iko hivi. Pwani ya Bahari ya Shamu ni uwanda mwembamba wa mchanga, chumvi na joto kali. Kutoka hapo nchi inapanda ghafla: barabara ya Massawa hadi Asmara ni kilomita 115 hivi, na katika mwendo huo mfupi msafiri anatoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300. Magharibi ardhi inashuka taratibu kuelekea Sudan, tambarare kavu za wafugaji. Kaskazini nyanda za juu zinabanana, zinachongoka, na kuwa Sahel: safu baada ya safu za miamba mikavu, makorongo membamba, migunga michache, njia za mbuzi na ngamia. Humo, mkondo wa mto uliokauka ndio barabara. Gari linapita juu ya mchanga wa mto, kuta za mlima zikiwa kulia na kushoto, na mvua ikinyesha huko juu barabara inageuka tena kuwa mto. Kilomita ishirini kwenye ramani zinaweza kula siku mbili za mwendo.

Sasa tuangalie watu walewale kwenye ardhi tofauti. Mwishoni mwa 1977 wapigania uhuru walikuwa wameshika karibu nchi nzima. Haile Selassie alikuwa ameondolewa 1974, utawala wa kijeshi wa Derg ulikuwa unajiua wenyewe kwa visasi vya ndani, Somalia ilikuwa imevamia Ogaden, eneo la mashariki mwa Ethiopia, na huko Eritrea ilibaki miji michache tu mikononi mwa jeshi, ikiwemo Asmara na Massawa. Desemba mwaka huo EPLF, chama cha ukombozi kilichokuwa kimejitenga na kile cha awali cha ELF, kilijaribu kuingia bandari ya Massawa. Njia ilipita Salina, kwenye uwanda wa mabwawa ya chumvi. Hakuna jiwe la kujificha hapo, hakuna kichaka, na ukilala chini unalala kwenye tope la chumvi huku meli za kivita zinakupiga kutoka baharini na mizinga kutoka mjini. Vijana waliuawa kwa wingi na shambulio likashindwa. Walikuwa mashujaa kama wale wa Nakfa na wale wa Afabet, wengine walikuwa wenzao wa kikosi kimoja. Ujasiri wao haukupungua hata chembe. Walikuwa wanapita pasipopitika.

Miezi michache baadaye Umoja wa Kisovieti, uliokuwa umehamia upande wa Mengistu Haile Mariam, kiongozi wa Derg, ukamsaidia kumaliza vita vya Ogaden kwa silaha, washauri, na askari wa Cuba. Machi 1978 Wasomali walikuwa wameshindwa, na jeshi lote lile likageuzwa kaskazini. EPLF ilifanya uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko yote katika miaka thelathini ya vita vile. Iliacha miji iliyokuwa imeikomboa, mmoja baada ya mwingine, ikakunja kila kitu, ikarudi Sahel. Fikiria mwalimu, muuguzi, fundi wa karakana, mama mwenye watoto, wanaambiwa waache mji ambao juzi tu walishangilia kukombolewa kwake. Kisiasa ulikuwa msiba. Kijeshi, ndiyo hatua iliyookoa uwezekano wa uhuru.

Nakfa ikawa ukingo wa ngome hiyo. Mlima Denden unausimamia mji, na kwenye mgongo wa milima ile walichimba mahandaki, wakayajengea kwa mawe, na wakaishi humo. Mji wenyewe ulipigwa mpaka ukabaki vifusi. Picha zake za miaka ile zinaonyesha msikiti ukiwa umesimama peke yake na mnara wake kati ya kuta zilizolala. Nyuma ya mahandaki, kwenye mabonde ambayo ndege haziwezi kushuka kwa urahisi, waliijenga nchi ya siri. Huko Orota kulikuwa na hospitali iliyotawanywa kwa kilomita kadhaa kando ya bonde, vyumba vya upasuaji vikiwa vimechimbwa ubavuni mwa mlima na mapaa yakifunikwa kwa udongo na matawi. Kulikuwa na shule, karakana za kutengenezea magari na silaha, mitambo ya kutengeneza dawa za vidonge. Kazi ya nje ilifanywa usiku, mchana ulikuwa wa ndege za MiG. Hata sandali za plastiki walizovaa wapiganaji, zilizokuwa zikitengenezwa na kiwanda chao wenyewe, zilikuwa jibu kwa ardhi ile: jiwe likichana mkanda wa plastiki, unauyeyusha kidogo kwa moto, unaunganisha, unaendelea. Buti la ngozi likichanika Sahel halina fundi.

Mwaka 1982 Mengistu alihamia Asmara na sehemu ya serikali yake kusimamia operesheni aliyoiita Nyota Nyekundu, iliyotupa zaidi ya askari 100,000 dhidi ya Sahel. Ilishindwa. Askari wa Ethiopia walipanda miteremko ya Nakfa wakiwa chini ya watu waliokuwa wamekaa juu wakiwasubiri, na walipanda tena, na tena. Ni hapa ndipo hadithi maarufu ya milima inapoanzia, na ni ya kweli.

Lakini ni nusu tu ya kweli. Nakfa ilizuia EPLF isife, haikuipa ushindi. Mwaka 1982 ulipita, 1983 ukapita, 1985 ukafika na njaa yake kubwa, na mstari wa mbele ukawa karibu palepale. Aliye juu ya Denden akitaka kuteremka kumfuata adui kwenye bonde, yeye naye anakuwa mtu anayepita, na adui ana ndege na mizinga. Ngome isiyoingilika ni vigumu pia kuitoka. Wanaodhani kwamba milima kwa asili yake ni rafiki wa mapinduzi wanapaswa kuitazama miaka hiyo kumi kwa makini, na kuhesabu vijana waliozeeka ndani ya handaki.

Upande wa pili wa bonde ilikaa Kamandi ya Nadew, na makao yake makuu yalikuwa Afabet. Makadirio ya askari wake ni kati ya 15,000 na 20,000, wakiwa na vifaru, mizinga mikubwa na ghala la silaha lililotosha kulisha mashambulizi ya kaskazini yote. Afabet ilichaguliwa kwa sababu za maana. Iko kwenye bonde pana kiasi, barabara kutoka Keren inafika, ndege zinaweza kuisaidia, na kutoka hapo unaweza kuitishia Nakfa. Kwa ofisa aliyefundishwa vita vya vifaru, ni mahali pazuri. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kilichoingia Afabet, mkate, mafuta, risasi na barua, kilipita katika matundu machache kati ya milima, na kila kilichotoka kingepitia humohumo. Kaskazini-magharibi, vikosi vya mbele vilikuwa vimejichimbia kwenye bonde la Hedai, na kati ya Hedai na Afabet kulikuwa na njia nyembamba iliyobanwa na milima, mahali paitwapo Ad Shirum.

Tuwe wa haki kwa watu waliokuwa chini kule. Askari wengi wa Nadew walikuwa vijana wa wakulima kutoka Gojjam, Wollo, Shewa na kusini, waliokamatwa vijijini na kupelekwa kwenye vita ambavyo hawakuvichagua, katika nchi wasiyoijua hata jina la mito yake. Wengine walikaa mbele miaka mingi bila likizo. Desemba 1987 EPLF iliwapiga vibaya kwenye mstari wa Nakfa. Mengistu alijibu kwa namna yake. Mapema 1988 alimuua kamanda wao, Brigedia Jenerali Tariku Ayne, ofisa aliyekuwa akiheshimiwa na askari na aliyelijua eneo lile. Hapo mtu anaweza kusema jiografia haikuwa na kazi tena, kwamba jeshi linaloua makamanda wake limeshajishinda. Nitalirudia hilo. Kwa sasa itoshe kusema kwamba aliyeuawa alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kuisoma ardhi ile kwa niaba ya Ethiopia.

Alfajiri ya 17 Machi EPLF ilishambulia kutoka pande tatu. Mesfin Hagos alikuwa miongoni mwa makamanda wakuu wa operesheni. Mapigano makali zaidi yalikuwa Hedai, ambako vikosi vya Ethiopia vilijitetea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Nasisitiza hili kwa sababu simulizi za ushindi huwafanya walioshindwa wote kuwa waoga. Ndani ya mahandaki yao, askari wa Nadew walikuwa katika hali ileile ya wapiganaji wa Nakfa: wamekaa, wamejificha, wanamsubiri anayekuja. Ardhi iliwalinda nao kwa saa nyingi.

Kisha wakaanza kurudi nyuma. Pande nyingine zilikuwa zimelegea, hofu ya kuzingirwa ikaingia, na kikosi cha vifaru na magari kikapewa amri ya kutoka Hedai kwenda kuitetea Afabet. Msafara wa magari yapatayo 70, vifaru, magari ya deraya, malori ya mizinga na mafuta, ukaingia kwenye njia ya Ad Shirum. Wapiganaji walikuwa wamewahi. Walivipiga vifaru vya mbele, vikawaka moto katikati ya njia.

Wasafiri wa barabara ya Iringa wanaijua Kitonga: lori moja likifa kwenye kona, foleni inashuka mpaka Ruaha Mbuyuni, na hakuna dereva, hata awe hodari namna gani, anayeweza kulizunguka, maana upande mmoja ni ukuta wa mlima na mwingine ni genge. Ad Shirum ilikuwa hivyo, pamoja na risasi kutoka juu. Kifaru cha kisasa cha tani zaidi ya thelathini, kilichoundwa kwenda popote, hakikuweza kwenda pembeni. Mzinga unaorusha kombora kilomita ishirini na zaidi haukuweza kuinuliwa kumpiga mtu aliye mita mia mbili juu ya kichwa chake. Kila kilichokuwa nguvu ya jeshi lile, uzito wake, idadi ya magari yake, mafuta yake, kiligeuka kuwa kizibo cha njia yake yenyewe.

Makamanda wa Ethiopia walipoona silaha zile zote ziko karibu kuangukia mikononi mwa EPLF, waliita ndege. Ndege zikaja na kuupiga msafara wao wenyewe mabomu, kwa muda mrefu, vifaru na malori yakiungua pamoja na askari waliokuwa bado ndani na kando yake. Katika vita vyote vya ukombozi vya bara letu ni vichache vyenye tukio la kusikitisha kama hili: kijana wa Wollo anachomwa na bomu la serikali yake, katika korongo la nchi ambayo serikali hiyo inasema ni yake. Ikiwa yupo bado anayehitaji kuonyeshwa Derg ilikuwa nini, aende Ad Shirum.

Kabla ya 20 Machi Afabet ilikuwa imetekwa na ghala lake lote. EPLF ilipata makumi ya vifaru na mizinga mizito, risasi za kutosha miaka, na maofisa washauri watatu wa Kisovieti wakiwa hai. Kamandi ya Nadew haikuwapo tena.

Mwanahistoria Mwingereza Basil Davidson, aliyekuwa Eritrea siku zile, aliiambia BBC kuwa huo ulikuwa miongoni mwa ushindi mkubwa kabisa wa jeshi la ukombozi tangu Dien Bien Phu, na ulinganisho huo umerudiwa na kila mtu tangu hapo. Kwa ukubwa na matokeo ni sahihi. Kwa jiografia unapotosha, na watu wanaoupenda huusahau upande huo. Vietnam mwaka 1954 Wafaransa walikaa bondeni, wakaamini kuwa hakuna awezaye kupandisha mizinga kwenye milima iliyowazunguka. Wavietinamu wakaipandisha, kipande kwa kipande, kwa mikono na baiskeli za mizigo, kisha wakawazingira karibu miezi miwili mpaka kambi ikafa. Ule ulikuwa ushindi dhidi ya jeshi lililokaa mahali pabaya. Afabet haikuzingirwa miezi miwili, na vikosi vya Hedai havikuwa vimekaa mahali pabaya hata kidogo. Vilikaa vizuri. Maangamizi yalikuja viliposimama na kuanza kwenda. Jenerali Giap, kamanda wa Wavietinamu, aliwashinda Wafaransa kwa kuleta silaha zake mahali walipo, EPLF iliwashinda Nadew kwa kuwafanya wazipeleke silaha zao mahali ambapo hazikuwa na kazi.

Kama Addis Ababa ingetaka mfano, ulikuwapo jirani. Februari na Machi 1941, karibu na Keren, Waitalia waliwashikilia Waingereza na Wahindi kwa takriban wiki saba kwenye korongo la Dongolaas, baada ya kulipua kuta za mlima na kuiziba barabara. (Askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hawakuwa huko, walikuwa wakipanda kutoka Kenya kupitia Somalia.) Jeshi lenye ndege nyingi zaidi na magari mengi zaidi lilikwama kwa sababu ya njia moja iliyofungwa. Ilipofunguliwa, Asmara ikaanguka ndani ya siku chache, tarehe 1 Aprili. Keren na Afabet ziko kwenye barabara ileile. Miaka 47 baadaye jeshi lililokuwa linaishi Keren, linalotembea kwenye korongo lile kila wiki, liliipanga Nadew kana kwamba jambo hilo halikuwahi kutokea.

Nirudi kwenye pingamizi nililoliacha. Wapo wanaosema Afabet ilikuwa ushindi wa siasa, si wa ardhi: jeshi lililochoka, makamanda waliouawa na mkuu wao, upande wa pili wapiganaji wanaojua wanachopigania, karibu theluthi yao wanawake, ambao walikuwa wakijifunza kusoma ndani ya mahandaki. Nakubaliana nao kwa mengi. Ila siasa peke yake haielezi kwa nini jeshi lilelile lililochoka liliweza kupigana kutwa nzima Hedai, kisha likafa kwa saa chache Ad Shirum. Wala haielezi Salina, ambako ari yote ilikuwa upande wa waliokufa. Ari ilimfanya mpiganaji awe tayari kutembea usiku kucha juu ya miamba ili awahi mdomo wa korongo kabla ya kifaru. Kwamba kuwahi huko kulikuwa na thamani ya kamandi nzima, hilo ni suala la ardhi. Tena nadhani viwili hivi vinashikana kuliko tunavyosema. Miaka kumi ya kulala kwenye milima ile iliwafundisha wapiganaji kila mkondo, kila kichochoro cha mbuzi, kila mahali pa maji. Askari wa Ethiopia alikaa miaka hiyohiyo kwenye nchi hiyohiyo, lakini alikaa kwenye handaki lililopewa amri ya kutoondoka, na wenyeji ambao wangemfundisha njia walikuwa ama wamemkimbia ama anawaogopa.

Matokeo yalikuja kwa kasi. Jeshi likaondoka miji ya magharibi, Barentu, Agordat na Tessenei, bila kupigana, ili kukusanya nguvu Keren na Asmara. Aprili 1988 Mengistu alitia sahihi makubaliano na Siad Barre, rais wa Somalia na adui wake wa Ogaden, ili aweze kuhamisha vikosi kaskazini. Na hasira ikashushwa kwa wasio na silaha: Mei mwaka huo, huko She'eb, kijiji cha upande wa pwani si mbali na Afabet, askari waliwaua wanakijiji kwa mamia, wengine wakikanyagwa na vifaru. Mwaka uliofuata, Mei 1989, majenerali wenyewe walijaribu kumpindua Mengistu wakashindwa, na wengi wa maofisa waliobaki wenye uwezo wakauawa.

Februari 1990 EPLF ilirudi Massawa. Uwanda ni uleule wa 1977, chumvi ileile, joto lilelile. Safari hii ilikuwa na vifaru, vingi vyake vikiwa vile vya Afabet, na boti za mwendo kasi zilizoshambulia kutoka baharini, upande ambao mara ya kwanza ulikuwa wa adui peke yake. Mji ulitekwa kwa siku chache. Hapo ndipo mtu anaona Afabet ilikuwa na maana gani hasa: iliwapa watu wa milimani vyombo vya kupita tambarare. Na bandari ilipofungwa, jeshi kubwa lililokuwa Asmara likabaki juu ya nyanda za mita 2,300 likilishwa kwa ndege. Sasa Ethiopia ndiyo iliyokuwa imefungiwa mlimani. Tarehe 21 Mei 1991 Mengistu alipanda ndege kwenda Nairobi, na kutoka hapo Zimbabwe. Siku tatu baadaye EPLF iliingia Asmara, na maelfu kwa maelfu ya askari wa Ethiopia wakatembea kwa miguu kuelekea Kassala, Sudan. Wapigania uhuru 65,000 hawakuiona siku hiyo. Katika kura ya maoni ya Aprili 1993, asilimia 99.8 walichagua uhuru.

Taifa jipya likachagua cha kukumbuka, na likachagua Nakfa. Naelewa kwa nini. Kuvumilia kunawahusu wote: aliyechimba, aliyepika, aliyezaliwa kwenye bonde, aliyekufa kabla ya mwisho. Lakini nchi inayojitazama kupitia handaki tu hujifunza kwamba usalama ni kukaa, kunyamaza na kushikilia, na sidhani ni bahati mbaya kwamba serikali ya Rais Isaias Afwerki imetawala kwa namna hiyo. Mesfin Hagos, kamanda wa Afabet, alikuwa miongoni mwa viongozi 15 waliomwandikia rais wakidai mageuzi mwaka 2001. Alikuwa nje ya nchi wenzake walipokamatwa Septemba hiyo, na hakurudi. Wenzake hawajawahi kufikishwa mahakamani.

Na kulikuwa na Badme, mji mdogo wa mpakani. Vita vya mpaka na Ethiopia, 1998 hadi 2000, vilianza kwenye uwanda wa magharibi, na Eritrea ilivipigana kwa kuchimba mahandaki na kuyashikilia, kama Nakfa, kwenye ardhi isiyo ya Nakfa. Safari hii Waethiopia ndio waliokuwa huru kuchagua wapi wapite. Mei 2000 walipenya mstari wa magharibi, wakaiteka Barentu, na jeshi la Eritrea likalazimika kurudi nyuma haraka kuelekea nyanda za juu ili lisikatwe. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa sahihi Algiers tarehe 18 Juni. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, Eritrea ilikuwa imepoteza askari 19,000, katika nchi ya watu wasiozidi milioni chache.